Kontena Linalovuta Pumzi

Wasomaji wangu, mliniacha wiki iliyopita nimesimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, nimefukuzwa kazi ambayo hata sikuajiriwa.

Kwa ambaye hakuwapo, mimi ni mchorongaji mstaafu. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye mitambo ya kutoboa ardhi kutafuta madini. Kilima kilicho nyuma ya mji wetu tulikichoronga mpaka tukachoka, tukaambiwa hakina kitu, tukafungasha. Miaka ikapita, binti yangu akasoma, akawa mjiolojia, akarudi na mtambo mrefu kuliko wetu. Akachoronga chini ya pale tulipoishia sisi. Akakuta nikeli.

Mimi, kwa furaha, nikamwambia mwandishi mmoja wa habari kwamba ukitembea juu ya kilima kile na viatu vya chuma unaisikia nikeli ikikuitikia kutoka chini. Akaiandika kama ilivyo. Meneja wa kampuni anayoifanyia kazi binti yangu, tunayemwita Bwana Tai kwa sababu huifunga tai shingoni hata akiwa vumbini, akanipiga marufuku kukanyaga uwanja wao wa utafiti.

Basi. Nikaingia ndani na aibu yangu, nikamkuta Shemeji amekalia kiti changu.

Huyu Shemeji ni kaka wa mke wangu, na ndiye mlinzi wa uwanja uleule nilikofukuzwa. Mimi na yeye hatujawahi kumaliza kikombe cha chai bila kutukanana. Lakini jioni ile hakunitukana. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi.

"Shemeji," akasema, "kontena lako linaumwa."

Nikamwambia ashuke kwanza kwenye kiti changu, mengine tutayaongea. Hakushuka.

Akasema kuta zake zina joto, hata upande wa kivulini. Akasema linaguna mchana kutwa, kama mtu aliyeshiba vibaya. Ubavu wake mmoja umebonyea kwa ndani, kama shavu la mtoto anayevuta soda kwa mrija. Na mjusi aliyezoea kukaa kwenye ufa wa mlango kamkuta chini, tumbo juu.

"Labda kakuona wewe uso kwa uso," nikamwambia.

Mke wangu alicheka. Shemeji hakucheka.

"Joto lenyewe tamu, lakini," akaendelea. "Huu mgongo wangu nikiuegemeza pale maumivu yanakata. Jana nimesinzia nimeegemea. Nimeamka kichwa kinagonga."

Sasa hapa ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Kunyamaza ningeweza. Ningeweza pia kuuliza swali moja la maana. Badala yake nikavuta kigoda, nikakaa, nikakohoa kidogo kama ninavyokohoa nikitaka kupiga chuku.

Nikamwambia anajidanganya na joto la bati. Dawa yenyewe iko ndani. Lile sanduku la miamba la mwisho kabisa, kule nyuma, ndilo lenye nikeli nzito, na enzi zetu, kwenye vilima vingine, tulikuwa tunaiegemea kwa zamu. Tulikuwa na mpishi aliyekuwa anatembea amejikunja kama ndoano. Akaegemea pale kwa muda wa kunywa chai, wiki iliyofuata tukamweka golikipa.

"Acha kumjaza upuuzi kaka yangu," mke wangu akasema.

Shemeji akaniangalia. Nikamwangalia bila kupepesa macho. Mgongo unamuuma miaka mingi yule mtu, na mtu wa namna hiyo husikiliza kwa sikio tofauti na letu.

Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Mke wangu akabaki amesimama na sinia.

"Binti yako anajua kuhusu hilo joto?"

Nikamwambia bati huwa na joto, ndiyo kazi ya bati. Lakini usingizi wangu siku ile haukuwa wa kushiba. Maana Shemeji hakukosea kuliita kontena langu.

Ngoja nieleze, ni fupi.

Mtambo wa kuchoronga hutoa mwamba kwa umbo la fimbo nene za duara. Zile fimbo hupangwa kwenye masanduku, zinapasuliwa katikati kwa msumeno, nusu inapelekwa maabara na nusu inabaki kuwa shahidi. Shahidi akipotea au akiharibika, unaweza kudai umegundua nikeli ya kujaza bahari, hakuna atakayekuamini. Binti yangu alikuwa na mashahidi wake, masanduku kwa masanduku, na jina lake lote lilikuwa mle. Bwana Tai akataka yafichwe mpaka siku ya kuwaonyesha wageni, kwa sababu kampuni nyingine zilishaanza kunusanusa.

Wakaja kwangu kula chakula cha jioni, bado tukiwa tunapatana. Wakaulizana, tufiche wapi. Na mimi niko pale, mstaafu, mzoefu, mwenye kiti chake.

Nikasema enzi zetu tulitumia kontena kuukuu. Unaziba kila tundu kwa matambara na lami, unamwaga maji sakafuni yaue vumbi, unafunga kufuli, umemaliza.

Binti yangu akauliza, "Na hewa, Baba?"

"Hewa ndiyo inayoozesha madini," nikamjibu. "Ukiyanyima hewa yanatulia."

Bwana Tai akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Binti yangu alifikiri kidogo, akasema kuna mantiki. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama alipokuwa mdogo, nikimfundisha fundo la wachorongaji kwa kamba ya viatu. Fundo lile lisipovutwa unalifungua kwa kidole kimoja. Likishabeba uzito halifunguki mpaka likatwe. Alilijua kabla hajajua kuandika jina lake.

Kesho yake nikaenda mwenyewe kuziba matundu. Nikamwaga maji kwa ndoo. Nikapiga lami mpaka nikafanana nayo.

Na enzi zetu hatukuwahi kuwa na kontena. Fimbo zetu zilikaa chini ya paa bila ukuta, upepo unaingia huku unatokea kule, mbuzi wanalala juu yake. Ile habari ya lami niliitunga palepale mezani, kati ya tonge moja na jingine, kwa sababu wameniuliza na mimi sijui kukaa bila jibu.

Kwa hiyo siku iliyofuata ile ya Shemeji, nikatoka nyumbani nimemwambia mke wangu naenda kunyoa.

Nikapitia kwenye uzio wa nyuma wa uwanja. Marufuku ilikuwa ya langoni, haikutaja uzio. Mbele kulikuwa na shughuli, wanafagia, wanapanga viti, wageni wanatarajiwa baada ya chakula cha mchana. Sauti ya msumeno wa kupasulia miamba ilikuwa imenyamazishwa kwa heshima yao. Nikamsikia binti yangu akielekeza watu meza ya kuwekea sampuli iende wapi.

Kontena lilikuwa peke yake pembeni, mgongo wake kwenye uzio, mlango wake upande wa pili. Kivuli kimelala juu yake.

Nikaweka kiganja.

Mmeshawahi kumshika mtoto shingoni mkajua leo hakuna shule? Ndivyo lilivyokuwa. Na ubavu wake kweli umebonyea. Bati nene vile, limeingia ndani kama limepigwa ngumi na mtu ambaye hayupo.

Palikuwa na harufu pia. Harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

Nikatafuta tundu moja nililoliziba kwa mkono wangu, chini karibu na kona. Nikaichokonoa lami kwa msumari, nikalishika lile tambara, nikalivuta likatoka nusu.

Likarudi.

Sijalisukuma mimi. Lilinitoka vidoleni, likafyonzwa ndani ya tundu, likapotea. Na pale lilipopita kukawa na mlio mdogo mwembamba, kama wa mtu anayevuta hewa kwa meno akisikia maumivu. Haukukoma. Kontena lilikuwa linavuta pumzi.

Najua sifa yangu. Najua wapo watakaosoma hapa waseme mzee kaanza. Semeni, nimejitakia.

Mlio ulipopungua ukaisha, nikawasha njiti ya kiberiti. Nikaipenyeza kwenye lile tundu kwa kidole na gumba. Ilipofika ndani, moto ukafa. Haukupepesuka kwanza, ulikatika tu, kama umeambiwa nyamaza. Nikawasha ya pili. Ikakatika palepale.

Nikatia kiberiti mfukoni.

Nikauzunguka uwanja kupitia nyuma ya mabanda, nikamkuta binti yangu amesimama na Bwana Tai kwenye meza ya sampuli. Alikuwa amevaa fulana yake ya kazi, na kwenye mkanda wake kile kisu kidogo anachokwaruzia mawe. Bwana Tai akaniona wa kwanza. Akataka kujua nimeingiaje. Nikamwambia baadaye.

"Binti yangu," nikasema, "lile kontena lisifunguliwe. Ndani hakuna hewa."

Hakuinua hata macho.

"Baba, leo si siku ya hadithi."

"Si hadithi. Njiti inazimika."

"Juzi nikeli ilikuwa inaitika ukiikanyaga."

"Hiyo ilikuwa uongo. Na habari ya lami na maji ilikuwa uongo. Hatukuwahi kufanya vile. Niliitunga."

Sasa akainua macho. Sitamani kumwonyesha mtu yeyote uso ule.

"Ulidanganya lini, Baba? Siku ile, au leo?"

Swali halali kabisa. Nikamshika mkono kama nilivyokuwa nikimshika kuvuka barabara, nikampeleka hadi ubavuni mwa kontena, nikamwekea kiganja chake kwenye bati. Nikawasha njiti, nikaipenyeza kwenye tundu.

Ikazimika.

Aliacha kiganja palepale kwenye bati. Kisha akaongea taratibu, kama anajisomea mwenyewe. Akasema mwamba huu una salfa nyingi. Ukilowa unakula oksijeni, na unapokula unapata joto. Tumeufungia chumbani na maji yake na hewa yake, umekaa ukila mpaka umemaliza sahani.

"Mtu akiingia mle hasikii kitu," akasema. "Halii, haombi msaada. Anavuta pumzi ya kwanza, ya pili, anakaa chini."

Bwana Tai, ambaye alikuwa ametufuata, akalegeza tai yake. Hiyo nilikuwa sijawahi kuiona. Akauliza, sasa wageni tutawaonyesha nini. Binti yangu akamwambia wageni watasubiri. Milango itafunguliwa yote, kila mtu akae mbali, hewa iingie kwanza mpaka kesho.

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Kwa mlinzi," Bwana Tai akajibu.

Tukageuka wote watatu kuangalia kiti cha mlinzi langoni. Kilikuwa kitupu. Juu ya kiti kuna kofia yake tu.

Niliwahi kuanguka kutoka juu ya mtambo, nikavunjika mkono. Kabla sijafika chini nilikuwa nimeshajua mkono gani. Sasa nilijua vilevile.

Tukakimbia hadi upande wa mlango.

Kufuli lilikuwa limening'inia, wazi, na ufunguo ndani yake. Mlango mmoja umerudishiwa kwa ndani, umebaki upenyo wa vidole. Chini, pembeni ya mlango, viatu vya Shemeji vimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino. Binti yangu hakuruhusu mtu aingie na matope kwenye mashahidi wake, na mjomba wake alikuwa mtu wa kutii amri.

Juu ya viatu ameweka redio yake ndogo. Ilikuwa inaongea. Kuna mtaalamu alikuwa anahojiwa, anasema nchi imekalia nikeli ambayo hatujagusa hata robo yake, kwamba chini ya vilima vilivyoachwa na wazee wetu kuna tabaka mpya zinasubiri tu mtu wa kuzifikia, kwamba wakati wetu umefika.

"Mjomba kafuata nini mle?" binti yangu akauliza. Alikuwa anaufungua mlango kwa nguvu zote, wa kwanza, kisha wa pili. "Anajua haruhusiwi. Kafuata nini?"

"Mgongo," nikasema.

Akanitazama.

"Nilimwambia sanduku la mwisho ni dawa ya mgongo."

Akauvuta mlango wa pili mpaka mwisho. Nilitamani anitukane.

Mwanga uliingia mpaka katikati ya kontena. Masanduku yamepangwa kulia na kushoto mpaka juu, katikati kijia cha mtu mmoja. Kule mwisho kabisa, gizani, zilionekana nyayo mbili za soksi.

Tukamwita. Redio ndiyo iliyojibu.

Binti yangu akamtuma Bwana Tai akavute kompresa ya karakana, mpira wake uletwe, hewa isukumwe ndani. Bwana Tai akakimbia, tai imemrukia begani. Karakana iko upande wa pili wa uwanja. Binti yangu akaipima kwa macho, akamrudia mjomba wake kwa macho, nikajua anahesabu nini.

Akachukua kamba ya turubai iliyokuwa kwenye gari la sampuli. Akajifunga kiunoni, fundo letu lile, mikono yake hata haikufikiri.

Nikamwambia mimi ndiye nitakayeingia. Mimi ndiye niliyemtuma.

"Wewe huwezi kubana pumzi hata ya kupanda ngazi, Baba. Utakuwa wa pili kulala mle." Akanipa ncha ya kamba. "Nabana pumzi, namfunga, tunatoka. Nikivuta mara moja, nimemfikia. Nikivuta mara mbili, vuta. Ukiona kimya, vuta vilevile."

"Sawa."

"Na usiingie. Hata itokee nini. Watu hufa watatu watatu kwenye mambo haya, kwa sababu kila mmoja anamfuata mwenzake. Apa."

"Naapa."

"Apa kama mtu anayeaminiwa."

Nikaapa tena. Nilimtaja mama yake.

Akavuta pumzi ndefu, akavimbisha mashavu, akaingia. Alikwenda haraka, bega moja mbele, akipita kati ya masanduku yake bila kugusa hata moja. Akafika pale mwanga unapoishia. Akapotea.

Kamba ilipita mikononi mwangu, ikapita, ikasimama.

Ikavutwa mara moja.

Kamfikia. Nikajikaza, miguu nimeikita, nikisubiri ya pili. Kwenye redio wakaweka muziki.

Nyuma yangu nikasikia mtu anakuja mbio. Mke wangu. Alikuwa amenifuata. Kumbe hakuamini ile habari ya kunyoa tangu nilipoisema, maana nywele zenyewe sina. Akaviona viatu vya kaka yake. Akaiona kamba.

"Nani yuko ndani?"

Kamba ilikuwa imelala kimya chini, haitikisiki.

"Shika nyuma yangu," nikamwambia. "Vuta."

Akashika. Tukavuta. Kamba ikakaza, ikakwama, tukaivuta tena ikaachia, na uzito ukaanza kuja. Ulikuja mzito, unaburuzika, unagonga masanduku. Nikasema moyoni ndio hao, wamefungwa pamoja, wanakuja wote wawili. Tukavuta mpaka mikono ikachubuka. Zikatokea gizani soksi, suruali ya mlinzi, kisha shati. Tukamtoa mpaka nje, juani.

Shemeji. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Mke wangu akapiga magoti, akamgeuza, akampiga kifuani kwa ngumi, akamwita kwa jina la utotoni. Kifua kikatingishika. Akakohoa kikohozi kimoja kibaya, kirefu, kama mlango wenye kutu.

Nikaangalia kamba.

Ilikuwa imezunguka kiunoni mwake yeye. Yeye peke yake. Fundo letu, limefungwa safi, kama nilivyofundisha.

Binti yangu alikuwa amejifungua mwenyewe ili amfunge mjomba wake.

"Mwanangu yuko wapi?" mke wangu akauliza, bado amemshika kaka yake kichwa.

Nilikuwa nimeshapiga magoti, nahangaika na lile fundo. Nilitaka kamba yote, maana ncha iliyobaki haikufika kule gizani Shemeji akiwa huku nje. Nikiwa na kamba ningeweza kuirusha, kuitega, kufanya lolote bila kukivunja kiapo changu. Kucha mbili ziling'oka. Fundo lilikuwa limeshabeba uzito wa mtu mzima, na fundo lile likishabeba uzito halifunguki mpaka likatwe.

Kisu pekee kilichokuwa karibu kilikuwa kwenye mkanda wa binti yangu.